Ugunduzi Wao, Saini za Wengine

Hata Marie Curie nusura aachwe. Mwaka 1903 wanachama wanne wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa waliandika barua kwenda Stockholm kupendekeza watu wa kupewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi ya mionzi, wakawataja Henri Becquerel na Pierre Curie, basi. Mke wa Pierre, ambaye ndiye aliyeamua kuichunguza mionzi ya urani kwa vipimo na akaibunia hali hiyo jina la kisayansi linalotumika mpaka leo, hakuwamo. Aliyeokoa jahazi ni mwanahisabati wa Uswidi, Gösta Mittag-Leffler, aliyemtonya Pierre mapema. Pierre akaandika kusisitiza kwamba ikiwa kweli anafikiriwa, basi afikiriwe pamoja na mkewe. Kwa kuwa kanuni zilitaka jina liwe limependekezwa rasmi, ikabidi litumike pendekezo la mwaka uliotangulia ambalo lilikuwa limemtaja Marie. Ndivyo mwanamke maarufu kuliko wote katika historia ya sayansi alivyoingia kwenye orodha: kwa rafiki mwenye macho, mume mwenye haki na barua ya zamani iliyokutwa kwenye faili. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu kilichohusu ubora wa kazi yake.

Watu wengi wakisikia habari za wanasayansi wanawake waliosahauliwa hupata picha ya wizi: mwanamume mmoja mbaya, daftari lililochukuliwa usiku, mwanamke anayelia. Visa vya namna hiyo vipo, lakini ni vichache, na kuvikazania kunatufanya tukose kuona jambo kubwa zaidi. Sifa katika sayansi haigawiwi na ugunduzi wenyewe. Hugawiwa na karatasi: nani ametia saini makala, nani ni mkuu wa maabara, nani amealikwa kupendekeza majina, nani anaketi kwenye kamati. Na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 sheria na desturi zilimweka mwanamke mahali ambapo karatasi hizo hazikumfikia, hata pale ambapo wenzake wote walijua alichofanya na hakuna aliyemchukia. Mwaka 1993 mwanahistoria wa Marekani, Margaret Rossiter, aliipa hali hii jina la Matilda, kwa kumkumbuka Matilda Joslyn Gage, mtetezi wa haki za wanawake wa karne ya 19. Alikuwa akijibu dhana nyingine iliyotangulia, ile ya mwanasosiolojia Robert Merton ya mwaka 1968, iliyopewa jina la Mathayo wa Injili, kwamba mwenye sifa huongezewa. Kichekesho chake ni hiki: makala ya Merton, iliyoeleza jinsi wakubwa wanavyozoa sifa za wadogo, ilitegemea sana mahojiano yaliyofanywa na mtafiti Harriet Zuckerman, nayo ikatoka kwa jina la Merton peke yake. Baadaye mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba ilipaswa kubeba majina mawili.

Kisa kinachoonyesha mtambo huu ukifanya kazi, hatua kwa hatua, ni cha Lise Meitner. Alizaliwa Vienna mwaka 1878, akapata shahada ya uzamivu ya fizikia mwaka 1906, na mwaka uliofuata akahamia Berlin, ambako alianza kushirikiana na mwanakemia Otto Hahn. Taasisi ya kemia waliyofanyia kazi haikuruhusu wanawake. Meitner akapewa chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala, kwa sharti kwamba asionekane kwenye maabara za juu. Alifanya kazi kwa miaka kadhaa bila mshahara. Hata hivyo alipanda: yeye na Hahn waligundua elementi ya protaktini, akaongoza idara yake mwenyewe ya fizikia katika Taasisi ya Kaiser Wilhelm ya Kemia, na mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa fizikia nchini Ujerumani. Mwaka 1934 ni yeye aliyemshawishi Hahn warudi kufanya kazi pamoja, wachunguze kinachotokea urani inapopigwa na nyutroni. Mwanakemia kijana, Fritz Strassmann, akajiunga nao. Kwa hiyo utafiti uliokuja kuzaa habari kubwa ulikuwa na watu watatu, na aliyeuanzisha alikuwa mwanamke.

Kisha siasa ikaingia maabara. Meitner alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Wanazi walimnyang'anya haki ya kufundisha mwaka 1933, na Ujerumani ilipoimeza Austria mnamo Machi 1938, pasipoti yake ya Austria ikakosa maana. Julai mwaka huo alitoroka kwa treni kupitia Uholanzi, karibu mikono mitupu, akiwa na miaka 59. Aliishia Stockholm, katika taasisi ya Manne Siegbahn, ambako alipata pa kukaa lakini hakupata vifaa wala wasaidizi wa maana. Aliendelea kuongoza kazi ya Berlin kwa barua. Mwezi Novemba alikutana na Hahn kwa siri Copenhagen na kumtaka yeye na Strassmann wapime upya matokeo yao, kwa sababu hayakuingia akilini kifizikia. Walipopima upya wakakuta bariamu, elementi yenye uzito wa kama nusu tu ya urani. Tarehe 19 Desemba Hahn alimwandikia Meitner akimwomba atafute maelezo, maana yeye kama mwanakemia alikuwa anakiona kitu ambacho fizikia ya wakati ule ilisema hakiwezekani.

Maelezo yalipatikana wakati wa Krismasi, katika mji mdogo wa Kungälv, Uswidi. Meitner na mpwa wake Otto Frisch, naye mwanafizikia, walikuwa wakitembea kwenye theluji wakijadili barua ile. Niels Bohr alikuwa amefundisha kwamba kiini cha atomi kinaweza kufikiriwa kama tone la maji. Wawili hao wakaona kwamba kiini kikubwa kama cha urani ni tone linalotetereka, na nyutroni moja ikilipiga linaweza kurefuka, kubana katikati na kugawanyika mawili. Meitner, ambaye hesabu za uzito wa viini alikuwa nazo kichwani, akapiga hesabu papo hapo: vipande viwili vikijumlishwa vina uzito pungufu kuliko kiini cha awali, na upungufu huo, kwa kanuni ya Einstein, ni nishati ya takriban elektronivolti milioni 200 kwa kila kiini kimoja. Hapo ndipo ilipoeleweka kwamba kiini kizito cha atomi kinaweza kupasuka mawili. Hahn na Strassmann walichapisha matokeo ya kikemia Januari 1939 bila jina la Meitner, kwani kumtaja mkimbizi Myahudi kama mshirika kungewaponza. Meitner na Frisch wakachapisha maelezo ya kifizikia katika jarida la Nature mwezi Februari. Karatasi zikawa mbili, na tangu siku hiyo kazi moja ikaanza kuonekana kama kazi mbili.

Vita vilipokwisha, Novemba 1945, Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Uswidi ilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1944 ni ya Otto Hahn peke yake. Nyaraka za Nobel hufungwa kwa miaka 50, hivyo kwa nusu karne kila mtu alibaki kukisia. Zilipofunguliwa, wanahistoria walizichambua, na mwaka 1997 Elisabeth Crawford, Ruth Lewin Sime na Mark Walker wakaeleza walichokuta. Kamati ya kemia ilipima kazi hiyo kama kemia tupu, ikashindwa kuona kwamba bila fizikia wasingejua wamepata nini. Waamuzi walikuwa wachache, Uswidi ilikuwa imetengwa na vita, na wakati baadhi ya wanachama walipotaka uamuzi usubiri, kura chache ziliamua uendelee. Meitner alipendekezwa zaidi ya mara 40 katika maisha yake, wakiwemo Max Planck na Bohr miongoni mwa waliompendekeza. Hakupata. Hahn naye aliendelea kwa miaka mingi kusimulia kwamba kazi ilikuwa ya kemia na kwamba fizikia haikuwa na mchango wa maana. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alimsaidia Meitner kutoroka na kumpa pete ya mama yake ili aitumie kama hongo mpakani. Lakini alikuwa Mjerumani wa baada ya vita anayehitaji jina safi, na simulizi lililomweka peke yake lilimfaa.

Hapa kuna pingamizi ambalo halipaswi kukwepwa. Strassmann pia aliachwa, na Frisch pia, na wote wawili walikuwa wanaume. Basi jinsia ina uhusiano gani? Ina uhusiano kwa njia isiyo ya moja kwa moja, na ndiyo maana ni vigumu kuuona. Mfumo wa sifa humwonea aliye ngazi ya chini, awe nani. Mwanamume kijana huwa ngazi ya chini kwa muda, kisha hupanda. Mwanamke aliwekwa pale kwa kanuni. Alikuwa mgeni asiyelipwa, msaidizi, mke wa profesa, mwanafunzi asiyeruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele. Maji yakifurika, humfikia kwanza anayelazimishwa kuishi bondeni. Pingamizi la pili, kwamba tusiwahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo, nalo haliendi mbali katika kisa hiki. Planck na Bohr walikuwa watu wa zamani hizo hizo, na waliona. Hatuhitaji macho ya leo. Ya kwao yalitosha.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mwanamke aliyeachwa mwenyewe. Mwaka 1967 Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, Uingereza, chini ya Antony Hewish. Alishiriki kwa mikono yake kujenga darubini ya redio, nguzo na nyaya zilizotanda zaidi ya ekari nne, kisha akawa anasoma karatasi za grafu zilizotoka kwenye mashine, karibu mita 30 kila siku, kwa macho. Akaona kijialama kidogo kisichofanana na nyota wala na kelele za mitambo ya binadamu. Hewish alidhani ni mwingiliano wa mawimbi kutoka duniani. Bell hakukiachia, Novemba mwaka huo akakinasa vizuri na kukuta kinapiga kila sekunde 1.3 bila kukosea. Ilikuwa pulsa ya kwanza, masalia ya nyota kubwa iliyolipuka, yanayozunguka kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel ya fizikia ikaenda kwa Hewish na Martin Ryle. Mwanafalaki Fred Hoyle alilalamika hadharani, lakini Bell mwenyewe alisema miaka michache baadaye kwamba wasimamizi ndio wanaobeba jukumu la mradi ukifaulu au ukishindwa, na kwamba tuzo zingeshuka hadhi kama zingepewa wanafunzi, isipokuwa kwa nadra sana.

Ni hoja ya kiungwana, na watu wengi huinukuu wakidhani imemaliza mjadala. Haijaumaliza, kwa sababu historia ilifanya jaribio lake yenyewe. Mwaka uleule wa 1974, mwanafunzi mwingine wa uzamivu, Russell Hulse, aligundua pulsa mbili-mbili, yaani pulsa inayozungukana na nyota nyingine, akiwa chini ya msimamizi wake Joseph Taylor. Taaluma ni ileile, ngazi ni ileile ya mwanafunzi. Mwaka 1993 tuzo ikatolewa kwa wote wawili, Hulse na Taylor, na heshima ya Nobel haikushuka hata kidogo. Wapo watakaosema kwamba miaka 19 ilikuwa imepita na kamati ilikuwa imejifunza, pengine kwa aibu ya Bell yenyewe. Yawezekana. Lakini basi tukubaliane kwamba kanuni ya "mwanafunzi hapewi" haikuwa kanuni, ilikuwa mazoea. Bell alipata sehemu ya haki yake mwaka 2018, alipotunukiwa tuzo maalumu ya Breakthrough ya dola milioni 3 za Marekani. Alizitoa zote zisomeshe watafiti wa fizikia kutoka makundi yasiyowakilishwa vya kutosha.

Lazima nikiri pia kwamba upande wa watetezi una makosa yake, na makosa hayo hudhuru. Husemwa sana kwamba Mileva Marić, mke wa kwanza wa Einstein, ndiye aliyegundua nadharia ya uhusianifu. Barua zao zinaonyesha mwanamke mwenye akili aliyezungumza fizikia na mchumba wake. Ushahidi kwamba nadharia ni yake haupo. Husemwa vilevile kwamba Rosalind Franklin alinyimwa Nobel ya mwaka 1962 ya umbo la DNA, ilhali alifariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37. Ukisimulia hivyo, msikilizaji makini atakutajia tarehe ya kifo na kuondoka akidhani hakuna kesi, kumbe kesi ipo mahali pengine. Picha ya miale ya X iliyopigwa na mwanafunzi wake Raymond Gosling katika maabara yake, pamoja na vipimo vyake vilivyokuwa kwenye ripoti ya ndani, viliwafikia James Watson na Francis Crick bila yeye kujua, na makala yao ya Aprili 1953 ilimtaja kwa sentensi ya jumla isiyoonyesha walichokichukua. Kosa lilitendeka mwaka 1953, kwenye karatasi, miaka tisa kabla ya tuzo. Anayetaka haki itendeke hana budi kuwa mkali kwa ushahidi kuliko mpinzani wake.

Na ushahidi ukitafutwa, hupatikana. Familia nyingi za Afrika Mashariki zinaijua dawa mseto ya malaria. Kiungo chake kikuu kinatokana na artemisinini, iliyopatikana kwenye mmea wa pakanga. Mtu aliyeongoza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tu Youyou wa Beijing, hakujulikana nje ya China kwa miongo. Kosa halikuwa la mwanamume aliyempokonya. Utafiti ulikuwa mradi wa siri wa kijeshi, na siasa ya China ya wakati ule ilitaka sifa iwe ya umma, kiasi kwamba ripoti zilichapishwa bila majina ya watu. Tu hakuwa na shahada ya uzamivu, hakuwahi kusoma ng'ambo, wala hakuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya China. Ilibidi watafiti wawili wa Marekani, Louis Miller na Xinzhuan Su, waulize swali jepesi la nani aliyeigundua dawa hii, kisha wafuatilie nyaraka za zamani. Walikuta kwamba ni Tu aliyesoma kitabu cha kale cha tiba kinachoelekeza mmea uloweshwe majini na kukamuliwa, bila kutaja kuchemsha, akaamua kutumia etha kwa joto dogo badala ya kuuchemsha, na akapata dawa iliyoua vimelea vyote kwenye panya. Walichapisha mwaka 2011. Mwaka 2015 Tu akapata Nobel ya tiba. Wanaosema sayansi ni kazi ya pamoja na majina hayana maana waangalie kisa hiki: majina yalipoondolewa, aliyebaki kujulikana alikuwa mwenye cheo, na aliyepotea ni yule asiye nacho.

Hapa kwetu pia mkondo huo umepita. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona kipande cha fuvu la zamadamu kikichungulia kwenye udongo wa Bonde la Olduvai, mumewe Louis akiwa amelala kambini, mgonjwa. Makala iliyolitangaza fuvu hilo katika Nature mwezi uliofuata ilibeba jina la Louis peke yake, na kwa miaka mingi "fuvu la Leakey" lilimaanisha fuvu la mume. Mary aliishi kuuona wakati wake. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa chini ya uongozi wake kuanzia mwaka 1978, zilimaliza ubishi. Lakini chini ya Mary walikuwapo wachimbaji Waafrika, wengi wao Wakamba kutoka Kenya, ambao macho yao yaliokota visukuku kwa miongo na ambao makala za kisayansi ziliwashukuru kwa mstari mmoja mwishoni, zilipowashukuru. Anayeidai haki ya Mary na kuinyamazia haki ya hao hajaelewa anachokidai.

Tiba yake si sanamu wala sikukuu. Majarida mengi sasa hutaka kila makala iorodheshe nani alibuni wazo, nani alikusanya data, nani alichambua, nani alisimamia. Orodha inayotumika zaidi ina majukumu 14. Ni jambo la kikarani, halina mvuto, na lingembadilishia historia Franklin. Kamati za Nobel nazo zilianza kuwakumbusha wapendekezaji wafikirie wanawake na watu wa mabara yote. Mwaka 2018 Donna Strickland wa Kanada alikuwa mwanamke wa tatu tu kupata Nobel ya fizikia, na miezi michache kabla, rasimu ya ukurasa wake katika Wikipedia ilikuwa imekataliwa kwa madai kwamba umaarufu wake haukuthibitishwa. Hadi mwaka 2024 wamefika watano, kati ya washindi zaidi ya 220.

Majarida ya vyuo vikuu vyetu yanaweza kuanza toleo lijalo. Yadai maelezo ya nani alifanya nini, yamtaje mwanafunzi aliyelala shambani na fundi sanifu aliyeendesha mashine, na yakatae jina la mkuu wa idara ambaye hakugusa kazi hiyo. Na wewe unayesimamia tasnifu ya binti wa mtu mwaka huu, makala itakapokuwa tayari, acha jina lake litangulie.